Kupoteza Mezani: Kisa cha Shule M na Konferensi Yake

Shule hii nitaiita Shule M. Jimbo, mji na majina ya watu nimeviacha, na mambo mawili matatu madogo nimeyabadilisha ili hata aliyekuwepo asipate wa kumnyooshea kidole. Mimi nilikuwa mkalimani wa Kiswahili wa wilaya ya shule. Sikuwa kocha. Mpira niliutazama nikiwa pembeni ya uwanja, fomu mkononi, na pengine ndiyo maana nimeuona kisa hiki tofauti na walioukimbilia mpira wenyewe.

Usuli

Shule M ni sekondari ya serikali, darasa la 9 hadi la 12, katika mji wenye kiwanda cha nyama huko nyanda za kati za Marekani. Kiwanda ndicho kilichowaleta watu. Walianza Wamexico na Waguatemala, wakafuata Wakareni kutoka Myanmar, kisha Wakongo waliopitia Nyarugusu mkoani Kigoma au Nakivale na Kyangwali nchini Uganda. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa kutoka Kivu Kusini, kwa hiyo kijana anayefika hapa akiwa na miaka 16 huenda alizaliwa kambini na kijiji cha wazazi wake anakijua kwa kusimuliwa tu. Kiswahili chake kina Kigoma ndani yake, na mpira wake ni wa chandimu: uwanja wa vumbi, mpira wa makaratasi, goli la mawe mawili.

Msomaji aliyesoma Tanzania atafikiria UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, lakini mfumo wa huku haufanani nayo. Kule shule hupambana hadi wilayani, halafu wachezaji bora hukusanywa kuwa kombaini ya wilaya na baadaye ya mkoa. Huku shule hubaki shule mpaka fainali ya jimbo. Katikati ya safari hiyo kuna konferensi, yaani kundi la shule jirani, mara nyingi nane hadi kumi hivi, zilizokubaliana kukutana kila msimu katika karibu michezo yote. Madaraja ya mtoano hupangwa na chama cha michezo cha jimbo kwa kuhesabu wanafunzi. Konferensi hujipanga zenyewe, kwa historia, kwa umbali na, tuseme ukweli, kwa nani anapenda kuonekana na nani.

Konferensi ya Shule M iliundwa zamani, wakati miji yote ile ilikuwa inafanana. Sasa haifanani. Viunga vya jirani vimejaa nyumba mpya, na watoto wa huko hucheza klabu za kulipia mwaka mzima kwa gharama inayofika maelfu ya dola. Wanafunzi wa shule za viunga na wetu wanakaribiana kwa idadi, na hapo ndipo hesabu inapodanganya. Minnesota wameliona tatizo hilo: wanapopanga madaraja, hupunguza kutoka idadi ya shule asilimia 40 ya wanafunzi wenye haki ya chakula cha bure au cha bei nafuu. Iowa walianza kutumia hesabu ya namna hiyo kwenye futiboli ya Kimarekani msimu wa 2023. Jimbo letu halina kitu kama hicho. Na mwaka 2022 shule za mjini Des Moines zilikuwa zimejitoa katika ligi yao ya muda mrefu, zikaungana na za miji kama Ames, Fort Dodge, Marshalltown, Mason City na Ottumwa kuanzisha konferensi mpya. Habari hiyo ilizungumzwa sana katika ofisi za walimu wetu, kila mmoja akiitumia kuthibitisha alichokwisha kuamini.

Kilichotokea

Kwetu soka ya shule huanza mwezi Machi, theluji ikiwa bado imerundikwa kwenye kona za maegesho. Mechi ninayoikumbuka ya msimu wa kwanza ilichezwa ugenini, kwenye nyasi bandia, chini ya taa kali. Wenyeji walikuwa na benchi lililojaa mpaka wengine wamesimama. Sisi tulikuwa na wachezaji wa akiba wawili, na mmoja alikuwa amevaa raba kwa sababu njumu zake alikuwa amempa mwenzake aliyeanza. Tulifungwa 9-0. Lingeingia moja zaidi mwamuzi angemaliza mchezo, maana kwetu tofauti ya mabao 10 baada ya mapumziko hufunga mechi.

Jukwaani, nyuma yangu, walikaa vijana wetu kumi na mmoja wamevaa makoti. Timu nzima! Walikuwa na rafiki au ndugu mwenye gari, wakaja wenyewe kutazama. Mmoja wao, winga wa kushoto ambaye kila mtu shuleni alijua ndiye bora kuliko wote, alikuwa akitafuna mbegu za alizeti na kuwaelekeza wenzake kwa Kiswahili: "Achia! Achia, mtu nyuma!" Nikamuuliza kwa nini hachezi. Akanijibu bila kugeuza macho, "Karatasi, mwalimu."

Wiki iliyofuata kikao cha walimu kilijaa hoja moja: tuhame konferensi. Kocha wa futiboli ya Kimarekani ndiye aliyekuwa na sababu nzito zaidi, kwani kikosi chake kilikuwa chembamba kiasi kwamba vijana wadogo waliwekwa mbele ya wenye miili mikubwa, na majeruhi walikuwa wengi. Wengine walisema kuhama ni kukimbia. Mkurugenzi wa michezo, mtu wa maneno machache, aliacha wabishane, kisha akaomba kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho: orodha ya wanafunzi wote walioandika majina kutaka kucheza soka, na mbele ya kila jina sababu ya kutokuwepo uwanjani siku ya kwanza ya mazoezi.

Tuliitengeneza kwa siku nne. Walioandika majina walikuwa zaidi ya 40. Waliokuwa na kila kinachotakiwa siku ya kwanza hawakutosha kujaza uwanja na benchi. Wachache walikuwa wameanguka somo na kufungiwa. Wachache walikuwa na kazi jioni. Sheria ya shirikisho huwabana wenye miaka 14 na 15 wasizidi saa tatu siku ya shule, lakini akifikisha 16 kizuizi hicho cha saa kinaondoka, na hotelini au ghalani hawakuulizi kama una mechi. Wawili walikuwa na tatizo la umri. Waliobaki wote, na ndio wengi, walikwama kwenye cheti cha afya.

Fomu ya mama mmoja

Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu kisa chote kimo kwenye swali moja.

Kabla ya kucheza, kila mwanafunzi hupimwa na daktari, na mzazi hujaza historia ya afya. Fomu inayotumika sana huuliza kama kuna ndugu yeyote aliyekufa kwa ugonjwa wa moyo, au aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana, kabla ya miaka 35. Lengo ni kumgundua mtoto mwenye ugonjwa wa moyo wa kurithi kabla hajaanguka uwanjani. Ni swali jema.

Nilikwenda nyumbani kwa winga yule. Mama yake alikuwa ameamka muda si mrefu, maana zamu yake kiwandani ni ya usiku. Alinikaribisha chai, akaniletea fomu ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na hati zote za familia. Kwenye swali lile alikuwa ameweka alama ya "ndiyo", tena kaikoleza. Kliniki ilikuwa imemwandikia kijana aende kwa daktari bingwa wa moyo, miadi ya miezi miwili mbele, na bima ilikuwa bado haijajibu.

Nikamuuliza, "Mama, nani alikufa ghafla?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Baba yao mdogo. Na dada yangu. Na watoto wa dada yangu wawili. Walikuja usiku."

Sikuwa na la kusema kwa muda. Kisha nikamweleza swali linataka nini: moyo, ugonjwa, mtu aliyelala mzima akakutwa amekufa. Akatikisa kichwa. "Hapana mwanangu, kwetu wa moyo hayupo. Kwetu ni vita tu." Tuliisahihisha fomu pamoja, nikaandika maelezo kwa Kiingereza pembeni, mama akatia sahihi, na daktari alipoisoma alimruhusu kijana siku ileile. Msimu ulikuwa umebakiza mechi tatu.

Baadaye nilipitia fomu nyingine nikakuta "ndiyo" kama ile kwenye familia nne.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mkurugenzi peke yake: Jumamosi moja ya Februari, kabla ya msimu wa pili, kliniki ya jamii ilete madaktari shuleni. Wakalimani tulikaa meza moja moja, Kiswahili, Kinyarwanda, Kikareni, Kihispania, na kila swali lilisomwa kwa sauti. Alichagua Februari kwa sababu cheti hudumu mwaka mmoja na angetaka kivuke msimu mzima. Alichagua shuleni kwa sababu wazazi walikwisha kuijua njia. Kuna waliomwambia kwamba huko ni kuwadekeza watu, kwamba shule za viunga hazifanyi hivyo. Alijibu kuwa shule za viunga zina wazazi wenye daktari wa familia anayepokea simu.

Uamuzi wa pili ulihusu saa. Mazoezi yalisogezwa yaanze saa tisa na robo alasiri, mara tu baada ya kengele, ili wenye kazi wawahi zamu. Basi la jioni lilikuwa limefutwa kwa kukosa madereva, hivyo shule ikanunua tiketi za basi la mji. Kocha naye akakubali jambo dogo ambalo halikuandikwa popote: aliyeachiwa wadogo zake aje nao. Msimu ule wote kulikuwa na watoto wawili au watatu wamekaa kwenye ngazi za uwanja na juisi zao za pakiti, na mmoja akawa ndiye muokota mipira.

Wa tatu ni ule wa umri, nao ndio uliotuumiza. Wakimbizi wengi huandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, kwa kuwa tarehe halisi haikuandikwa popote. Wakati mwingine na mwaka nao umekadiriwa. Kanuni zetu zina visu viwili hapo. Atakayekuwa ametimiza miaka 19 kabla ya mwaka wa shule kuanza hachezi mwaka huo, na kila mwanafunzi ana mihula minane tu, inayoanza kuhesabiwa siku anapoingia darasa la 9. Kijana akifika na miaka 16 akawekwa darasa la 9, atafika darasa la 12 akiwa amekwisha kupitwa. Beki wetu wa kati alikuwa hivyo. Familia yake ilisema, na mimi niliamini, kwamba hati ilimzidishia mwaka. Mjomba wake akaja ofisini na pendekezo la kubadilisha tarehe kwenye kumbukumbu za shule, "maana hata hiyo iliyopo ni ya kubuni." Mkurugenzi alikataa. Alipeleka ombi la msamaha kwa chama cha jimbo, likakataliwa, na beki akamaliza shule bila kucheza msimu wake wa mwisho.

Wa nne ulikuwa wa bodi ya elimu: kuhama konferensi kwa michezo yote, kuanzia mwaka wa tatu. Kura ilipigwa kwa sababu ya futiboli ya Kimarekani na usalama wa wale vijana. Wachezaji wa soka hawakuulizwa. Nahodha aliniambia, "Tuhame wakati ndiyo kwanza tumeanza kuwafikia?"

Matokeo

Msimu wa pili, wa mwisho katika konferensi ya zamani, Shule M ilimaliza chini ya katikati ya msimamo. Kwa mtu wa nje hiyo si habari. Lakini shule iliyotufunga 9-0 ilitufunga 2-0, na hadi dakika ya 60 kati ya zile 80 za mpira wa shule ilikuwa sare. Tuliingia siku ya kwanza ya mazoezi na vikosi viwili kamili, na kwa mara ya kwanza timu ya pili ilicheza ratiba yake yote.

Msimu wa tatu, katika konferensi mpya, tulimaliza nafasi ya tatu. Magazeti ya mji yakaandika kuwa kuhama kumeiokoa shule. Kwenye mtoano tulipangwa na wale wale wa viunga. Tukatoka kwa bao la dakika za nyongeza, 2-1. Kipa wetu, Mguatemala, alipiga kelele "Mtu! Mtu nyuma!" mechi nzima, na mabeki wa Kikareni wakaelewa. Kocha mwenyewe alikuwa ameshalizoea neno hilo. Alisema ni fupi kuliko la Kiingereza.

Futiboli ya Kimarekani ilipata vijana wengi zaidi na majeruhi wachache, na walishinda mechi mbili. Hapo sina ubishi, bodi ilikuwa sahihi.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mabadiliko mawili makubwa yakija kwa karibu, kila mtu huchagua analolipenda na kulipa sifa. Hapa tunaweza kuyatenganisha kwa sababu hayakuja mwaka mmoja. Siku ya karatasi, ile Jumamosi ya madaktari shuleni, na saa mpya za mazoezi vilitangulia, na tofauti ya mabao ilianza kupungua tukiwa bado na wapinzani wale wale. Kuhama kulitupandisha kwenye msimamo. Uwezo wa timu ulikuwa umepanda mwaka mmoja kabla.

Watu wa mpira wa kwetu huongelea pointi za mezani, zile timu inazopewa na kamati baada ya mpinzani kuchezesha mchezaji asiye halali. Shule M ilikuwa inapoteza mezani kwa namna ya ajabu zaidi: hakuna aliyekata rufaa, na pointi zilikuwa zinaondoka mwezi Februari, kabla hata nyavu hazijafungwa. Kocha alikuwa amehangaika miaka mitatu na mfumo wa uchezaji, akiamini vijana wa Kongo wanakaa na mpira kupita kiasi. Ni kweli wanakaa nao. Ila nusu ya timu aliyokuwa akiichambua haikuwa timu yake.

Orodha ya mkurugenzi ilikuwa na thamani kuliko hoja zote za kikao kile, na haikugharimu chochote. Nimeona shule nyingi zinazohesabu mabao, na chache sana zinazohesabu waliokosa kufika uwanjani na sababu zao.

Kilichoshindwa

Konferensi mpya ina miji iliyotawanyika. Safari za nusu saa zikawa za saa moja na nusu, hata mbili, kwenda tu. Vijana walitoka darasani kabla ya kipindi cha mwisho na kurudi usiku wa manane. Waliokuwa na kazi walianza kuacha mechi za mbali. Wawili waliokosa vipindi vya hesabu mara kwa mara walianguka somo, wakafungiwa. Meza ikarudi kwa mlango mwingine, na safari hii tuliifungulia wenyewe. Ratiba ya masomo ingeweza kupangwa upya mapema kwa wachezaji wa masika. Hakuna aliyekumbuka.

Kuhusu beki wa kati, mkurugenzi alifanya sawa kukataa tarehe ya kubuni. Angekubali, uhalali wetu katika mechi zote ungekuwa wa mkopo. Kosa letu lilikuwa kuchelewa. Siku kijana anapoandikishwa na kupangiwa darasa, hakuna aliyemwambia mzazi kwamba saa ya mihula minane imeanza kugonga, wala kwamba hati yenye kosa inaweza kuombewa marekebisho serikalini na kwamba jambo hilo huchukua muda mrefu. Tulimwambia akiwa darasa la 11. Mjomba alitoka ofisini akiamini shule imemnyima mtoto wao kwa sababu ni mgeni, na mimi niliyekuwa natafsiri nilitafsiri maneno yote bila kumwelewesha.

Na wasichana. Tangu mwaka 1972 sheria ya Title IX inakataza ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za shirikisho, na kwenye karatasi Shule M haina kosa: timu ipo, jezi zipo, kocha yupo. Lakini siku ya karatasi walikuja wavulana na baba zao. Msichana wa darasa la 10 aliniambia kuwa yeye ndiye anayepika na kulaza wadogo mama akiwa zamu, na kaka yake ndiye anayekuja na wadogo uwanjani siku anapotaka kucheza yeye. Timu ya wasichana ilianza msimu wa tatu na wachezaji kumi na watatu. Mkutano tulioitisha kuwashawishi kina mama ulikuwa saa kumi na mbili jioni, saa ambayo nusu yao walikuwa wanavaa mabuti ya kiwandani na nusu nyingine ndiyo kwanza wanalala.

Mwaka huu siku za karatasi ni mbili. Moja ni ile Jumamosi. Nyingine ni Jumanne saa mbili asubuhi, wanapotoka zamu ya usiku, chai ikiwa tayari, na fomu za wasichana zikiwa juu.